Kosa si la Tabora Jazz

Hoja mmeshazisikia. Kila aliyelalamika hapa Tabora kwamba redio yake ya nyumbani inachoma masikio amejibiwa yaleyale: nyimbo zenyewe ni za zamani, ongeza besi, badilisha waya, subiri spika zizoee. Nimezifuatilia moja moja. Hukumu nawaachia ninyi.

Ya kwanza ndiyo inayoniuma, maana inawasingizia watu wetu. Wanasema bendi zetu za zamani, Tabora Jazz, Nyanyembe na Kiko Kids, zilirekodiwa kwa mitambo duni, kwa hiyo gitaa halina budi kukwaruza. Ni kweli mitambo ile haikuwa ya leo. Lakini rekodi iliyochakaa kwa kawaida hupungukiwa na sauti za juu, haizidishi. Isitoshe, wenye hoja hii wanakiri kwamba hata kaswida na bongofleva za mwaka huu zinawachoma. Kama kosa ni la rekodi ya zamani, limefikaje kwenye wimbo wa juzi? Wimbo ukibadilika na ukali ukabaki, waliobaki mbele yenu ni washtakiwa wawili: redio na chumba. Kuwatenganisha ni rahisi. Nilitoa redio yangu uani, nikaiweka chini ya mwembe, fleshi ileile, wimbo uleule, sauti kiasi kilekile. Gitaa la solo likalainika papo hapo.

Sababu yake haina uchawi. Uani sauti inakwenda zake. Sebuleni kuna tailizi, vioo na kuta za saruji zenye rangi ya mafuta, ambazo hazinywi karibu chochote. Ukuta mtupu wa udongo, kama wa tembe za wazee wetu, ulikuwa na nafuu. Sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo chumba cha mita 4 inaweza kukivuka zaidi ya mara 80 kwa sekunde moja. Na sikio la binadamu ni jepesi zaidi kwa mitetemo kati ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde, palepale penye makali ya gitaa na sauti ya mwimbaji.

“Ongeza besi itafunika.” Besi ndiyo inayokula nguvu nyingi za amplifaya. Ndogo ikizidiwa, hukata vilele vya mawimbi, na mkato huo huzaa mikwaruzo mipya ya juu. Dawa inaongeza ugonjwa.

Waya mnene? Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, mita 3 kwenda na 3 kurudi, una ukinzani usiofika sehemu moja ya kumi ya omu, mbele ya spika ya omu 8. Na upungufu huo mdogo hauchagui sauti za juu wala za chini.

Kuhusu kuzoea, nakubali nusu: mpira wa spika ya besi hulegea kidogo kwa matumizi. Lakini anayelalamikiwa ni twita, spika ndogo ya sauti za juu, nayo haina mpira huo. Kinachozoea hapo ni sikio.

Nilitandika zulia, nikatundika mapazia mazito, nikageuza spika kidogo zisinitazame usoni, kwa kuwa twita hupeleka makali yake mbele moja kwa moja. Trebo nikaishusha hatua moja tu. Besi sikuigusa, waya ni uleule, na fleshi ya Tabora Jazz ni ileile.