Wananchi wa Ireland Hawakununuliwa

Wapo watu, na wengi wao ni wenye elimu, ambao kila wanapotajiwa kura ya maoni iliyopigwa nchini Ireland tarehe 22 Mei, 2015, hutoa jibu moja tu: wananchi walidanganywa. Husema kwamba fedha za matajiri wa ng'ambo, zikisaidiwa na kelele za vijana wa Dublin, ndizo zilizohalalisha ndoa za watu wa jinsia moja. Hoja hiyo imezoeleka mno hata hakuna anayeipima tena. Leo na tuipime.

Ni kweli kwamba baadhi ya vyama vilivyotetea haki hizo vilikuwa vimepata misaada kutoka nje. Hatufichi jambo hilo. Lakini tutazame hesabu. Waliosema ndiyo walikuwa 1,201,607, na waliosema hapana walikuwa 734,300. Yaani 62 kwa kila 100 walikubali. Katika majimbo 43 ya uchaguzi, ni jimbo moja tu, la Roscommon na South Leitrim, lililokataa. Je, tuseme kwamba wakulima wa Mayo na wavuvi wa Donegal nao wote walinunuliwa? Isitoshe, katika sensa ya mwaka 2011 watu 84 kwa kila 100 walijiandikisha kuwa Wakatoliki. Kura haiwezi kufika 62 kwa mia katika nchi kama hiyo bila waumini wenyewe kuipiga.

Basi kwa nini walikubali? Sababu ya kwanza ni ya nyumbani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Katika miezi ya kampeni, watu waliokuwa wamejificha miaka mingi walisema hadharani wao ni nani. Leo Varadkar, aliyekuwa Waziri wa Afya, alisema mwezi Januari, 2015. Mary McAleese, Rais mstaafu na Mkatoliki, alimtetea mwanawe mbele ya taifa. Watetezi walikwenda nyumba kwa nyumba wakieleza maisha yao wenyewe. Mpiga kura hakuulizwa tena juu ya watu asiowajua. Aliulizwa juu ya mpwa wake na jirani yake.

Sababu ya pili ni usawa mbele ya sheria. Katiba ya Ireland ya mwaka 1937 inaipa ndoa ulinzi wa pekee. Sheria ya mwaka 2010 iliwaruhusu watu wa jinsia moja kuandikisha uhusiano wao, lakini huo ulikuwa mkeka wa pembeni, si kiti cha barazani. Walimu wanaosoma makala haya na wafikiri juu ya wenzao wa huko. Shule za msingi zipatazo tisa kwa kila kumi zilikuwa chini ya Kanisa, na sheria ya ajira ya mwaka 1998 ilizipa shule za dini mwanya wa kumbagua mtumishi ili kulinda maadili yao. Mwalimu hodari aliweza kufundisha miaka 20 huku akiogopa kumtaja mwenzi wake mbele ya walimu wenzake. Mwanya huo ulizibwa mwezi Desemba, 2015, baada ya kura. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wananchi walisikiliza waliokilalia.

Sababu ya tatu huwakera zaidi wanaopiga kelele za ubeberu. Sheria zilizowafanya watu hao kuwa wahalifu hazikutungwa na Wairishi. Zilitungwa na Bunge la Uingereza mwaka 1861 na 1885, wakati Ireland ikitawaliwa kutoka London. Nchi ilijitawala, bendera ikabadilika, lakini sheria ya mtawala ikabaki. David Norris aliipinga mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikampa ushindi mwaka 1988, nayo ikafutwa mwaka 1993. Sasa ni kipi kilicho cha kigeni hapo: adhabu aliyoiacha mkoloni, au uhuru walioupigia kura wananchi wenyewe?

Tena jambo hili halikufanywa kwa pupa. Mkutano wa Katiba wa watu 100, ambao 66 kati yao walikuwa raia wa kawaida waliochaguliwa kwa bahati nasibu, ulilijadili mwezi Aprili, 2013, na 79 kwa mia wakaunga mkono. Hakuna kanisa lililolazimishwa kufungisha ndoa isizoziamini. Muumini aliweza kuilinda imani yake na bado akampa jirani haki yake.

Mpinzani atatukumbusha kwamba Croatia mwaka 2013, na Slovenia mwezi Desemba, 2015, wapiga kura walikataa. Naam, walikataa. Hapana shaka ni jambo zito kumfanya mtu asubiri ridhaa ya mamilioni ili aoe. Lakini Katiba ya Ireland haibadiliki bila kura ya wananchi, na njia hiyo ilipokuwa ndiyo pekee, wahusika hawakuwatukana wapiga kura, waliwaendea. Hilo ndilo funzo.

Sisi tulio maofisini na madarasani tuna ugonjwa wa kudhani kwamba mwananchi akikubaliana nasi ameelimika, na asipokubaliana nasi amerubuniwa. Hiyo ni dharau, wala si uchambuzi. Anayeipinga ndoa hiyo ana haki ya kuipinga kwa hoja. Hana haki ya kuwafanya watu 1,201,607 kuwa mbumbumbu. Walipima, wakawatazama watoto wao, wakaamua. Anayetaka kuwajibu na aanze kwa kuwasikiliza.