Mgeni apandishwe Fizi, asiishie Baraka

Tuseme ukweli bila kuzungukazunguka. Kila tunapokutana tunalalamika kwamba watoto hawajui tena desturi za Babembe. Lakini tukipata mgeni anayetaka kuzijua, tunamfungia mahali ambapo hawezi kuziona. Anashuka kwenye gari kutoka Uvira, ao kwenye boti kutoka Kigoma, tunambebea mizigo mpaka hotelini Baraka, na pale ndipo safari yake inaishia. Siku tatu anaangalia ziwa, anakula mikeke na bugali, anapiga picha sokoni, anarudi kwao na kusema: "Nimefika kwa Babembe." Amefika wapi? Amefika bandarini.

Siandiki haya kwa kuichukia Baraka. Baraka ni yetu, tunajivuna nayo. Tangu amri ya serikali ya mwaka 2013 inahesabiwa kuwa mji kamili, na ni haki yake. Ina soko, ina magari, ina makelele ya moto na muziki mpaka usiku. Lakini mji wa biashara una kazi yake, na kazi hiyo si kumfundisha mtu asili yetu.

Ngoja niwape mfano mmoja. Siku moja nilikuwa uani mwa hoteli, wageni wakaletewa ngoma. Vijana walicheza robo saa tu, sababu gari lilikuwa linangoja. Ilikuwa ngoma ya kutahiri. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akauliza kwa sauti ndogo: "Hii ngoma inachezwa mtoto akitoka porini. Leo nani ametoka porini?" Hakuna aliyemjibu. Wageni wakapiga makofi, mafranga yakatolewa, vijana wakagawana. Mimi siwalaumu wale vijana, wanatafuta chakula. Lakini wadogo zao waliokuwa wanachungulia ukutani wamejifunza nini? Wamejifunza kwamba ngoma inaanza mzungu akifika, na inaisha dereva akipiga honi.

Na wageni wenyewe ni nani? Wengi wanafikiri ni wazungu tu. Apana. Kuna wanafunzi wa Bukavu na Uvira wanaoandika vitabu vyao vya kumaliza masomo. Kuna wanaotafuta nyayo za Che Guevara, aliyevuka kutoka Kigoma mwezi wa Aprili 1965, akatua Kibamba, na kuondoka Novemba mwaka uleule. Kuna wakristo wanaokuja kuwakumbuka wafiadini wa tarehe 28 Novemba 1964, waliotangazwa wenyeheri kule Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Hawa wakristo ndio wanaonishangaza zaidi. Padri Luigi Carrara na fureri Vittorio Faccin waliuawa Baraka, kweli. Lakini padri Giovanni Didonè na abé Albert Joubert waliuawa Fizi, siku ileile. Mwenye kuishia Baraka amesali nusu ya sala yake.

Halafu kuna wageni wanaoniuma moyo kuliko wote: watoto wetu wenyewe. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996. Watoto waliozaliwa kule sasa ni watu wazima, na wengi wamepelekwa Marekani na kwingineko. Kijana wa namna hiyo anarudi kwa matanga ya babu yake, ana siku kumi tu. Tunamlaza Baraka kwa sababu kule kuna kitanda kizuri na rezo ya simu. Akienda, amejua ladha ya ndagala, lakini hakukaa jioni hata moja lubunga, kati ya wazee, aulizwe ukoo wake na kuonyeshwa nani ni mjomba wake. Tena ndiye tunayemtegemea awafundishe wanawe kwamba wao ni Babembe!

Kwa hiyo nasema: mgeni alale Fizi-Centre. Ndiyo makao makuu ya teritware, lakini ni padogo na pametulia. Kutoka Baraka ni mwendo wa kilometa zaidi ya 30 kwa kupanda mlima, na ukifika juu hewa inabadilika, unatafuta koti. Watu wanasalimiana kwa majina. Mgeni akipita asubuhi, mchana kila nyumba inajua yuko kwa nani. Pale Kibembe ni lugha ya njiani, si lugha ya kuonyeshwa. Tena pale ndipo njia zinapoachana: moja inashuka ziwani, nyingine inaelekea Lulimba na Kalemie, nyingine inaingia Lulenge. Akitaka ziwa, ashuke Baraka asubuhi kununua samaki, jioni apande. Lakini mahali pa kulala ndipo mahali pa kusikia, kwa kuwa wazee hawasimulii saa nne za asubuhi kwenye jua kali. Wanasimulia usiku, moto ukiwaka.

Najua majibu yenu. Wa kwanza atasema Fizi hakuna hoteli. Hata ikiwa ni kweli, ni afadhali hivyo. Wazee wetu hawakujenga hoteli, walikuwa na nyumba ya jirani. Mgeni aliyelala kwa mtu ataona namna sombe inavyotwangwa, nani anakula na nani, mtoto anavyompokea baba mdogo. Hayo ndiyo desturi, ndugu zangu. Desturi si manyoya ya kichwani tu.

Wa pili atasema barabara ni mbaya na usalama ni mdogo. Huyu namheshimu. Sote tumeona vita ilivyoingia Uvira mwezi wa Desemba 2025, na sitaki mtu apandishwe mlimani siku ambayo wenyeji wenyewe wanakimbia. Shefu akisema njia imefungwa, mgeni abaki alipo, ao asije kabisa. Lakini tusitumie vita kama kisingizio. Hata siku za utulivu, tulipokuwa tunapanda na kushuka kila juma na mihogo yetu na mawese yetu, mgeni tulimwacha palepale Baraka. Haikuwa vita. Ulikuwa uvivu, na hesabu ya mafranga.

Wa tatu, na huyu ana akili, atasema: "Ukiwapeleka wageni Fizi, Fizi nayo itaharibika kama pwani." Inawezekana. Angalia Zanzibar: watu wengi wanajazana Mji Mkongwe, na mwenyeji anaona nyumba ya babu yake imegeuka duka la vinyago. Ndiyo maana sisemi tuwapeleke wengi. Nasema tuwapeleke wachache, wakae siku nyingi. Mgeni wa siku moja anaharibu, maana anataka kila kitu kifanywe mbele yake kabla jua halijatua. Mgeni wa siku nane anazoeleka, na siku ya tatu anapewa jembe kama methali inavyosema.

Haraka haraka haina baraka, wanasema Waswahili. Kwetu haraka ndiyo inayoishia Baraka! Mkumbuke Burton, mwingereza aliyepita ziwani mwetu mwaka 1858 akielekea Uvira. Aliiona Ubwari, akaandika kwamba ni kisiwa. Ubwari si kisiwa, imeshikana na nchi kavu, na mvuvi yeyote angeweza kumwambia. Hata hivyo ghuba ya Baraka kwenye ramani inaitwa kwa jina la huyo Burton. Aliyepita haraka akakosea ndiye aliyeandikwa. Sisi tuliokaa hatukuandikwa. Je, tunataka wageni wa leo nao waandike kwamba Ubembe ni hoteli yenye ziwa mbele?

Napendekeza mambo matatu kwa chama chetu. Kwanza, tutafute nyumba tano ao sita za watu waaminifu Fizi-Centre, zenye kitanda safi na choo kizuri, mgeni alipe bei inayojulikana na mama mwenye nyumba apokee mwenyewe. Pili, mgeni yeyote apelekwe kwanza kwa wazee, kabla ya kamera kutolewa mfukoni. Tatu, ngoma yenye wakati wake isichezwe nje ya wakati wake, hata ikilipwa dola mia. Mgeni akikuta hakuna ngoma, aambiwe hakuna ngoma. Hilo nalo ni somo.

Na wewe ndugu wa Baraka unayesoma haya kwa hasira, nikuulize jambo moja tu. Watoto wako wakirudi kutoka mbali, wakakuuliza wanatoka wapi hasa, utawaonyesha nini? Utawaonyesha hoteli? Wapakize kwenye moto, wapande. Wazee bado wako, lakini kila mwaka wanapungua.