Dawa ya Magoti Si Dawa ya Kusahau

Huku Ganda, nje ya mji wa Malindi, utaambiwa: mzee anayemeza Brufen au diklofenaki kwa ajili ya magoti hasahau; basi anayeanza kusahau naye apewe.

Dai hili halikuzuka hewani. Mwaka 2001 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, waliofuatilia karibu watu 7,000 wenye miaka 55 na zaidi, walisema waliotumia dawa hizi kwa miaka miwili au zaidi waliugua Alzheimer, ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, kwa nadra zaidi kuliko wenzao. Lakini watu hao walitazamwa tu, hawakugawiwa dawa. Na mzee ambaye akili zimeanza kumpotea huenda asikumbuke hata kulalamikia goti, seuze kwenda dukani. Pengine kusahau ndiko kulikozuia vidonge.

Wazee walipogawanywa, hawa wapewe dawa na hawa kidonge kisicho na dawa, mambo yaligeuka. Jaribio la ADAPT huko Marekani liliwakusanya zaidi ya 2,500 ambao jamaa zao waliwahi kuugua Alzheimer. Desemba 2004 dawa zilisimamishwa kwa hofu ya madhara ya moyo, na kinga haikuonekana. Jaribio la Canada la naproxen, dawa ya jamii hiyo hiyo, lililotangazwa 2019, nalo lilitoka mikono mitupu.

“Basi aspirini, ile ndogo.” Imejaribiwa pia: wazee 19,114 wa Australia na Marekani, nusu yao wakipewa miligramu 100 kwa siku, karibu miaka mitano. Kusahau hakukupungua, kuvuja damu kuliongezeka. (Uliyeandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo, usiiache kwa sababu yangu.)

“Hazina madhara, mbona zinauzwa bila karatasi ya daktari?” Muulize mwenye vidonda vya tumbo. Dawa za namna hii huumiza figo, hupandisha presha na hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha. Na presha iliyoachwa miaka mingi huongeza hatari ya huko kusahau kwenyewe! Unadhani unamkinga mzee, kumbe unachochea moto.

Dai la mwisho halitoki dukani: anayetangatanga usiku na kutowatambua wanawe ni mchawi. Hili limeua watu huku Kilifi. Wazee wameuawa kwa mvi zao, mara nyingi nyuma yake pana ugomvi wa shamba, na baadhi ya walionusurika wakapata hifadhi Kaya Godoma, kule Ganze. Silaumu familia inayokimbilia kidonge chochote ili mzee wao asionekane amesahau. Nawalaumu wanaomnyooshea kidole.

Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau na yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo presha, kisukari, kutosikia, kutoona na upweke. Kidonge cha magoti hakikutajwa kuwa kinga. Mzee wenu akianza kusahau, mpelekeni hospitali apimwe presha, sukari, macho na masikio, na mbebeeni daktari kila kidonge anachomeza, hata kile alichopewa na jirani.