Kuhama Kwataka Hesabu

Mkazi wa Ukerewe, ambako ardhi ya kulima ni haba, anapofikiri kuhamia upande wa Bariadi, huuliza kwanza: kodi za huko zikoje? Kwa maoni yetu, swali hilo lisitangulizwe.

Kodi kubwa hupangwa na Serikali Kuu, nazo hazibadiliki kwa kuvuka maji. Kodi ya maendeleo ilifutwa nchi nzima mwaka 2003. Kodi ya jengo, tangu mwaka 2021, hukatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU, kisiwani na bara vilevile. Ushuru wa mazao ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, kama pamba ya Simiyu, na hadi 2 kwa chakula, kama muhogo wa Ukerewe.

Tofauti hasa imo jikoni. Kisiwani ziwa li karibu, kwa samaki na kwa maji. Bariadi samaki hununuliwa sokoni, na wakati wa kiangazi hata ndoo ya maji yaweza kutaka fedha. Kwa upande mwingine, nauli ya kivuko hukoma.

Tunazishauri Halmashauri za pande zote mbili zibandike ada na ushuru wake katika ofisi za vijiji. Naye mwananchi aandike matumizi ya mwezi mzima kabla ya kufunga mizigo, maana aliyekwisha kuuza shamba hana pa kurudi. Mali bila daftari hupotea bila habari.