Uchambuzi: Vinasaba vilivyofichua njia ya bakteria sugu hospitalini

MWANAMKE mwenye umri wa miaka 43 alihamishwa kutoka hospitali moja ya New York mwezi Juni 2011 na kulazwa katika hospitali ya utafiti ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, iliyoko Bethesda, Maryland, akiwa amebeba bakteria ambaye karibu kila dawa ilishindwa kumuua.

Alikuwa Klebsiella pneumoniae, wa aina inayotengeneza kimeng'enya cha kuharibu kabapenemu, dawa ambazo madaktari huziweka akiba kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimegonga mwamba.

Hospitali haikuzembea. Mgonjwa alitengwa na wahudumu wakaamriwa kuvaa glovu na majoho kila walipoingia chumbani mwake. Aliruhusiwa kuondoka Julai 15, na hakuna mwingine aliyekuwa amebainika kuambukizwa.

Wiki tatu baadaye bakteria wa aina hiyo alionekana kwa mgonjwa mwingine, kisha mwingine. Hadi mlipuko ulipodhibitiwa, wagonjwa 18 walikuwa wamempata. Kati yao 11 walifariki dunia, na vifo sita vilihusishwa na bakteria huyo.

Je, alitoka wapi? Pengo la wiki tatu lilitoa nafasi ya kudhani kuwa ameletwa upya kutoka nje. Vipimo vya kawaida havikusaidia, kwa kuwa ukoo huo ulikwisha kuenea katika hospitali nyingi za Marekani, na kwa vipimo hivyo bakteria wake hufanana.

Ndipo timu ya Julie Segre, mtaalamu wa vinasaba, na Tara Palmore, wa udhibiti wa maambukizi, ilipoamua kusoma vinasaba vyote vya bakteria wa kila mgonjwa, takriban herufi milioni sita. Bakteria anapozaliana hukosea kunakili herufi moja hapa na nyingine pale, na kosa hilo hurithiwa na kizazi kinachofuata. Mwalimu huwabaini wanafunzi walionakiliana kwa kuona kosa lile lile katika karatasi zao. Wataalamu nao walifanya hivyo.

Jibu halikuwa la kufurahisha. Bakteria wote walitokana na yule mwanamke, na walikuwa wametoka kwake si mara moja, bali mara tatu tofauti. Walipita kwa wagonjwa waliowabeba kimya kimya bila kuugua. Walikutwa pia kwenye mashine ya kusaidia kupumua iliyokwisha kusafishwa, na katika mifereji ya masinki.

Kwa maoni ya mwandishi, thamani ya teknolojia hii ni kwamba iliinyima hospitali kisingizio. Kazi ya kuzima mlipuko ilifanywa kwa mbinu za zamani: kutenga wagonjwa, kuwapima wote, kusimamia unawaji wa mikono, hata kujenga ukuta. Inasikitisha, hata hivyo, kuwa umma ulikuja kuzisoma habari hizi Agosti 2012, utafiti ulipochapishwa.

Huku kwetu tatizo si geni. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2001 na 2002, na kuchapishwa 2007, ulionyesha kuwa watoto wenye maambukizi ya damu yatokanayo na bakteria wa gramu hasi, ambamo Klebsiella yumo, walifariki kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile cha watoto wenye malaria. Usugu wa dawa ulikuwa miongoni mwa sababu.

Wapo wanaodhani kinachokosekana ni mashine. Lakini mashine zipo: watafiti wa Kilifi, Kenya, walizitumia kusoma virusi vya Uviko-19 wakati wa janga hilo. Kinachotangulia mashine ni kuotesha damu ya mgonjwa maabara ili bakteria apatikane, na hiyo yahitaji chupa maalumu, kemikali na mtaalamu wa zamu.

Hospitali nyingi za ngazi ya chini hazina huduma hiyo. Mtoto mwenye homa kali huanzishiwa dawa kwa kukisia. Isipomsaidia hubadilishiwa nyingine, na akifariki hakuna sampuli iliyobaki ya kupeleka Muhimbili wala Kilifi.