UBAO MMOJA, TANGA MOJA: SOMO LA KUFAA ZIWA MWERU

Askari akiingia katika shindano la shabaha hapewi ruhusa ya kuja na silaha yake ya nyumbani. Bunduki ni ile ile, risasi ni zile zile, na umbali wa shabaha umepimwa kwa wote. Akishindwa, hana wa kumsingizia ila jicho lake na pumzi yake. Kanuni hiyo tumeizoea mno majeshini, hata hatuioni tena. Lakini ndiyo iliyoufufua mchezo mmoja wa majini ambao wengi walikwisha kuuzika: mchezo wa ubao wa tanga. Leo tunaupima mchezo huo kwa kuangalia Ziwa Mweru, upande wa Nchelenge, kaskazini mwa Zambia.

Kwanza tueleze chombo chenyewe. Ni ubao mrefu wa kiasi cha meta tatu na nusu na ushei. Mlingoti wake haukusimikwa imara kama wa jahazi, bali umefungwa kwa kiungo kinachokunjika pande zote. Mwendeshaji husimama juu ya ubao na kulishika tanga kwa mikono yake. Usukani hakuna. Akiliinamisha tanga mbele, omo hugeukia demani. Akilivuta nyuma, omo hupanda joshi. Katikati hupenya kipande cha ubao kinachozama majini ili chombo kiweze kubisha, nacho huweza kukunjwa maji yanapopungua.

Historia yake imejaa ugomvi. Mwingereza Peter Chilvers alijitengenezea ubao wa namna hiyo mwaka 1958, akiwa bado mtoto. Mmarekani Newman Darby aliutangaza wake gazetini mwaka 1965. Lakini hataza ya Marekani waliipata Hoyle Schweitzer na Jim Drake wa California mwaka 1970. Miaka 15 baadaye, mwaka 1985, mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua kwamba hataza yao ya huko haina nguvu, kwa kuwa kijana Chilvers alikwisha kutangulia.

Kilichoueneza ubao wa Schweitzer, uliojulikana kwa jina la Windsurfer, si hataza peke yake. Mbao zote zilitoka katika kalibu moja na matanga yote yalikuwa ya kipimo kimoja. Mwaka 1976 mtoto wa miaka 13, Robby Naish, aliwashinda watu wazima katika mashindano ya dunia ya aina hiyo. Mwaka 1984 mchezo ukaingia katika Olimpiki ya Los Angeles.

Hapo ndipo ulipopotea njia. Viwanda vilianza kushindana kutengeneza mbao fupi, nyepesi, za kasi. Ubao mfupi hauendi bila upepo mkali, na mwenye kuutaka ushindi alilazimika kuwa na mbao kadhaa na matanga ya kila ukubwa. Mwenye fedha alinunua kila toleo jipya. Asiyekuwa nazo alibaki ufukweni akitazama. Mchezo uliokuwa wa watu wengi ukawa wa wachache, na katika miaka ya 1990 viwanda vyenyewe vikaanza kulalamika kwamba wanunuzi wamepungua.

Kuanzia mwaka 2018 ubao mrefu umerudi, ukiwa na umbo lile la zamani lakini uzito wa kiasi cha kilo 15 tu, na tanga moja la meta mraba 5.7 kwa kila mshindani. Mwaka 2019 mashindano yake ya dunia yalifanyika Torbole, kwenye Ziwa Garda, Italia. Vijana na wazee waliokuwa wamekwisha kustaafu walishindana katika maji yale yale. Wanagawanywa kwa uzito wa mwili, kama mabondia wetu wanavyogawanywa, ili mnene asionewe na mwembamba.

Wakati huo huo Olimpiki imeshika njia nyingine. Katika michezo ya Paris ya mwaka 2024, ambayo mashua zake zilishindana Marseille, ubao uliotumika ulikuwa na bawa chini yake, linaloushika na kuuinua mzima juu ya maji. Nao ni wa aina moja kwa wote, na mwendo wake unashangaza. Lakini bawa hilo linahitaji maji ya kina, na likinasa kitu mwendeshaji hurushwa vibaya.

Sasa tulitazame Mweru. Ziwa hili lina zaidi ya kilometa mraba 5,000. Kusini, unakoingilia Mto Luapula, maji ni ya kina kifupi. Pwani ya Nchelenge na Kashikishi imejaa mitumbwi, mashua za mbao na nyavu, na usiku taa za wavuvi wa chisense huwaka ziwani kama mji. Ni dhahiri kwamba bawa refu chini ya ubao halina nafasi katika maji kama haya. Ubao mrefu wa zamani, unaoteleza hata kwa upepo mdogo na kukunja kipande chake penye nyavu, unayo nafasi.

Ipo hatari, nayo haifai kufichwa. Katika miezi ya kiangazi pepo za kusini-mashariki hutawala sehemu hizi. Ni ndugu wa upepo ambao watu wa pwani huuita kusi. Nchelenge iko upande wa kusini-mashariki wa ziwa. Kwa hiyo upepo huo hutoka nchi kavu na kumsukuma mtu ziwani. Karibu na ufuko maji huonekana matulivu, na mwanafunzi hudanganyika. Akishindwa kubisha atachukuliwa kuelekea ng'ambo, na ng'ambo ni Kongo, nchi nyingine yenye walinzi wake. Katika miezi ya masika, uvuvi unapofungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, nyavu hupungua ziwani, lakini dhoruba za ghafla huzidi. Kwa sababu hizo hapana budi kila zoezi liwe na mashua ya mashine ya uokozi, jaketi la kuelea kwa kila mtu, hesabu ya watu kabla na baada, na taarifa kwa polisi wa mpakani. Pasipo hayo, tusithubutu kuanza.

Je, mchezo huu una faida gani hapo? Tangu Januari 2018 wilaya ya Nchelenge ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, waliko maelfu ya Wakongo, wengi wao wasema Kiswahili. Ziwa ambalo vijana hao na wenyeji wao wanalijua kama njia ya riziki na ya kukimbilia usalama laweza pia kuwa uwanja wa kukutana. Baraza la Kimataifa la Michezo ya Majeshi, lililoanzishwa mwaka 1948 chini ya wito wa urafiki kwa njia ya michezo, linahesabu mashindano ya matanga miongoni mwa michezo yake. Askari anayeujua upepo wa eneo lake ni mwokozi bora siku mtumbwi unapopinduka.

Lakini ubao wa kiwandani ni ghali kwa mvuvi, na usawa unaotegemea kiwanda kimoja una mtego wake. Mwaka 2019 chama cha mashua ndogo ya Laser, nayo ya muundo mmoja, kiligombana na mmoja wa watengenezaji wake juu ya ukaguzi, kikamnyima idhini, na mashua ikabidi kuitwa kwa jina jingine, ILCA. Aliye mbali na kiwanda hana sauti katika ugomvi kama huo.

Kwa maoni yetu, basi, kinachofaa kuletwa Mweru kwanza ni kanuni, ubao baadaye. Mafundi wa mashua wapo ufukweni tayari. Wakipewa kipimo kimoja, mbao za aina moja na tanga la mshono mmoja, wanaweza kuunda vyombo sita vinavyolingana. Vyombo hivyo viwe mali ya wote, na vigawanywe kwa kura asubuhi ya mashindano, ili hata fundi asijue kipi atakipata mwanawe. Siku hiyo mvuvi, askari, mwanafunzi na mkimbizi watasimama mstari mmoja, na atakayetangulia kufika atakuwa ameshinda kwa akili yake na mikono yake.