BANGO LA AMANI LITOKE MKONONI MWAKO

Kila yanapokaribia maandamano, swali ni lile lile: "Mabango yako wapi? Nani atalipa gharama ya kuyachapa?" Wako hata wanaongoja fulana na kofia za bure ndipo watoke majumbani. Mkono mtupu haulambwi, husema. Sisi twawajibu hivi: chama kinachongoja kununuliwa bango, hungoja kununuliwa chenyewe.

Ndugu wanachama, iko alama moja ambayo dunia nzima yaijua: duara, mstari wa wima katikati, na mistari miwili mifupi inayoteremka kushoto na kulia. Alama hiyo haikutoka ikulu wala kiwandani. Ilichorwa Uingereza mwaka 1958 na Gerald Holtom, msanii aliyekataa kushika bunduki katika Vita Kuu ya Pili. Alichukua ishara za bendera ambazo mabaharia husemezana kwazo kwa mbali. N ni mikono miwili iliyoteremshwa pembeni. D ni mkono mmoja juu na mmoja chini. Herufi hizo zaanzia maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuacha silaha za nyuklia. Akaziweka moja juu ya nyingine, akazizungushia duara.

Pasaka ya mwaka ule maelfu ya watu walishika njia kutoka London kwenda Aldermaston, panapoundwa silaha hizo. Mwendo ulikuwa zaidi ya maili 50, kwa miguu, siku nne. Yalitengenezwa mabango 500 ya kartoni juu ya vijiti. Nusu yalikuwa meusi na meupe, ya Ijumaa Kuu na Jumamosi. Nusu yalikuwa ya kijani na meupe, ya Jumapili na Jumatatu, kuonyesha kutoka mautini kwenda uzimani. Beji za kwanza zilifinyangwa kwa udongo na kuchomwa, kwa kuwa udongo uliochomwa ungeweza kusalia hata bomu likiteketeza watu wote. Wala hakuna aliyeifanya alama ile mali yake. Kila mtu ana ruhusa ya kuichora.

Yuko atakayesema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Si kweli hata kidogo. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Kongo, kwa jasho la Waafrika waliokuwa chini ya utawala wa Ubelgiji. Tena Desemba 1959 kundi la Waafrika na rafiki zao, miongoni mwao Kasisi Michael Scott na Bayard Rustin, liliondoka Accra kwenda Sahara, kuzuia kwa miili yao bomu la Ufaransa. Watawala wa kikoloni waliwazuia Volta ya Juu. Tarehe 13 Februari 1960 bomu likalipuliwa Reggane, na hadi mwaka 1966 Ufaransa ilikuwa imelipua mabomu 17 katika ardhi ya Algeria.

Je, watu wale walipoteza bure nguvu zao? Hasha! Afrika ilisikia. Mwaka 1996 nchi za Afrika zilitia sahihi Mkataba wa Pelindaba wa kupiga marufuku silaha hizo barani, nao ukaanza kutumika mwaka 2009. Hatusemi safari moja ndiyo iliyozaa mkataba. Twasema kwamba haba na haba hujaza kibaba, na haba ya kwanza ilibebwa na watu wasio na bunduki.

Basi, wewe wangoja nini? Chukua kartoni la dukani, ulikate duara kwa kufuata ukingo wa sinia. Chora mistari kwa mkaa, kisha ipake rangi nene ili ionekane kwa mbali. Toboa matundu mawili, ufunge kwa kamba kwenye kijiti chepesi. Waite watoto wasaidie. Watauliza maana yake, nawe utalazimika kuwaeleza. Hapo ndipo faida ilipo. Bango la kugawiwa hutupwa jioni mtaroni, bali ulilolifanya mwenyewe hulitupi, wala huoni haya kulieleza.

Neno la mwisho ni zito. Kijiti kiwe chepesi kwa makusudi. Siku kijiti cha bango kitakapogeuka rungu, alama iliyo juu yake itakuwa uongo, na adui atapata udhuru aliokuwa akiutafuta. Ukitukanwa, nyamaza. Ukisukumwa, simama. Anayebeba alama ya amani ameahidi mbele ya watu wote, na ahadi ni deni.

Nguo ya kuazima haisitiri. Tutoke na vyetu.